Kuhesabu Mistari ya Vidole na Midomo: Ni ya Mwanamke au ya Mwanamume?

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Ilemela, na kila mwaka kidato cha tatu wananiuliza kama alama ya kidole inaweza kusema iliachwa na mwanamke au mwanamume. Inaweza kudokeza. Hiki ndicho tunachofanya darasani, bila mashine yoyote.

Anza na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mtu anawe kwa sabuni na akauke kabisa. Mwanza jasho linarudi upesi, kwa hiyo mimi huchukua alama kabla ya saa tatu asubuhi. Bonyeza kidole kwenye pedi ya wino wa mihuri, kisha kiviringishe kwenye karatasi nyeupe, ukingo hadi ukingo, mara moja tu. Ukikirudisha nyuma wino unavurugika.

Kata nailoni angavu ya jalada la faili, uchore juu yake mraba wa milimita 5 kwa 5. Uweke juu kidogo ya kitovu cha alama, yaani pale katikati mistari inapojikunja, upande wa dole gumba; kwa mkono wa kulia, upande huo ni kushoto karatasini. Kwa kioo cha kukuzia, hesabu mistari inayokatwa na ulalo, kutoka pembe moja hadi ya mkabala. Nukta usihesabu. Mstari uliogawanyika hesabu matawi yake mawili.

Mwaka 1999 Mark Acree wa Marekani alionyesha kwamba mistari 11 au pungufu huelekea kuwa ya mwanamume, na 12 au zaidi ya mwanamke, kwa sababu mistari ya wanawake kwa kawaida ni myembamba na imesongamana. Yeye alitumia wastani wa vidole vyote kumi, nawe fanya hivyo. Watu aliowapima hawakuwa wa huku kwetu, kwa hiyo kusanya kwanza alama za watu unaowajua, uone mpaka wako kati ya wanaume na wanawake unaangukia wapi. Andika namba badala ya majina, na anayehesabu asijue namba ni ya nani. Nimeshuhudia mwanafunzi hodari akipata 12 kila alipojua anahesabu ya dada yake.

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Mama yangu mdogo ameparua sangara Mwaloni, Kirumba, tangu mimi sijaanza shule. Siku ya kusajili laini ya simu, mashine ilikataa vidole vyake, akarudi nyumbani amenyamaza. Nilipochukua alama ya kidole chake cha shahada nilihesabu mistari 9, iliyokatikakatika. Kwa kanuni ile, ningemwita mwanamume! Magamba, chumvi na visu vilikuwa vimeisaga. Kidole chake kidogo, ambacho hakishiki kisu kwa nguvu, kilitoa 13. Baadaye alikwenda Sengerema kumwangalia binti yake aliyejifungua, akakaa wiki tatu bila kugusa samaki, na mistari ikarudi, maana mizizi yake iko kwenye tabaka la chini la ngozi. Kwa hiyo muulize mtu kazi yake kabla hujamwekea mraba.

Midomo ni rahisi kuchukua, ngumu kusoma. Paka rangi ya mdomo iliyokoza kwa pamba, kila mtu na kipande chake, subiri dakika mbili, kisha bandika selotepu katikati ya mdomo wa chini na uihamishie kwenye karatasi. Wajapani Suzuki na Tsuchihashi waligawa mistari hiyo mwaka 1970: iliyonyooka wima mdomo mzima, iliyokatikia njiani, yenye matawi, inayopishana kama msalaba, iliyo kama wavu, na isiyoingia kundi lolote. Zipo tafiti zilizokuta ile ya wima zaidi kwa wanawake, na za mahali pengine zikakuta tofauti. Ndiyo maana mdomo peke yake siuamini. Nauweka pembeni ya hesabu ya vidole. Na mdomo ukiwa umepasuka kwa upepo wa ziwa, mpe mwenyewe mafuta apake, umchukue alama ukishapona.