Kupoza turbo kabla ya kuzima gari: kazi inaanza kabla hujapaki

Madereva wengi wa magari yenye turbo wameshasikia kwamba gari halizimwi ghafla. Muda wa kusubiri ndio unaowachanganya. Mmoja anazungusha ufunguo matairi hayajatulia vizuri. Mwingine anaacha dizeli ikiunguruma robo saa nzima mbele ya nyumba Ngamiani hapa Tanga, mpaka majirani wanafunga madirisha. Wa kwanza anaua turbo, wa pili anachoma mafuta na kujaza masizi. Turbo hupozwa barabarani, kilomita chache kabla ya kufika, na dakika moja au mbili za mwisho ni za kumalizia tu.

Kinachoharibika ukizima ghafla

Ndani ya turbo kuna mapanga mawili kwenye shafti moja. Moja linasukumwa na moshi wa ekzosi, la pili linasukuma hewa kuingia kwenye injini. Dizeli iliyobeba mzigo hutoa moshi wa nyuzi 700 za Selsiasi na zaidi, na petroli inaweza kupita 900. Shafti yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi haikai juu ya gololi, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili inayoletwa na pampu ya injini, na oili hiyo hiyo ndiyo inayoondoa joto.

Ukizima, pampu inasimama palepale. Shafti inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa kwa oili iliyobaki, lakini hilo si kubwa. Kubwa linakuja baada ya hapo: chuma cha upande wa ekzosi bado kina moto, na joto lake linahamia katikati kwenye beringi, ambako oili imesimama haiendi popote. Inaungua na kuacha mkaa mgumu. Siku moja haionekani kitu. Ukirudia kila safari, mkaa unabana njia ya oili, vipande vyake vinakwangua beringi, na shafti inaanza kucheza.

Turbo nyingi za leo zina njia ya maji pia. Hata pampu ya maji ikisimama, maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka, hivyo turbo inaendelea kupoa kidogo kidogo. Msaada huo unategemea rejeta iliyojaa kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Ukijaza maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, baada ya muda njia hiyo nyembamba ya maji inaota magamba na kuziba.

Hatua ya 1: Hakikisha gari lako lina turbo

Kwenye Toyota angalia namba ya injini. Herufi T baada ya kistari ni dalili ya turbo: 1KZ-TE, 1HD-FTE, 1KD-FTV, 2GD-FTV, hata 8AR-FTS ya petroli iliyoko kwenye baadhi ya Harrier. Land Cruiser mkonga yenye 1HZ haina turbo, labda iwe imefungwa baadaye na fundi, na Hiace ya 5L haina pia. Hayo zima ukifika, usijisumbue. Mazda za dizeli za Skyactiv-D zote zina turbo. Kwa Subaru, tundu la boneti linadanganya: Forester XT ya umbo la SJ ina turbo na boneti lake halina tundu.

Hatua ya 2: Pima kazi iliyofanyika, usipime umbali

Vitabu vya Toyota za dizeli vinatoa mpangilio huu wa kuacha injini kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta:

- Mizunguko ya mjini: hakuna haja ya kusubiri.
- Mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa: sekunde 20.
- Mwendo wa karibu 100: dakika 1.
- Kupanda mlima mkali, au 100 na zaidi bila kupumzika: dakika 2.

Malori makubwa yaliyotoka kwenye mzigo kamili yanahitaji dakika 3 hadi 5.

Mstari wa mlima ndio unaopuuzwa zaidi mkoani kwetu Tanga. Chukua Mombo hadi Lushoto, kilomita kama 33 za kona na mpando. Mwendo ni mdogo, mshale hata 50 haufiki, kwa hiyo dereva anaona hajakimbia. Lakini mguu umekaa kwenye mafuta muda wote na hewa inayopita chini ya boneti ni kidogo. Ukisimama Soni kupiga picha maporomoko, turbo hapo ni nyekundu au inakaribia. Ipe dakika 2 kamili.

Rudi sasa barabara hiyo hiyo kwa kushuka. Umeweka gia ndogo, mguu hauko kwenye mafuta, injini inavuta hewa bila kuchoma kitu na hewa hiyo inapita kwenye turbo. Ukifika Mombo turbo imepoa kuliko ulivyoondoka Lushoto. Kilicho moto ni breki, na hizo hazipozwi na sailensa.

Muheza kwenda Amani ni hesabu ya kupanda vilevile, tena mbaya zaidi mvua ikinyesha na gari likivuta kwenye tope. Gia ya pili na mzigo wa machungwa inachemsha turbo kuliko 80 kwenye lami iliyonyooka.

Hatua ya 3: Anza kupoza ukiwa bado kwenye mwendo

Kilomita 2 au 3 za mwisho, au kama dakika 3 hadi 5, legeza mguu. Weka mzunguko wa injini chini ya 2,000, usipite gari la mbele, usikanyage kwa nguvu. Moshi unaotoka sasa ni wa baridi zaidi, oili inapita kwa kasi, rejeta inapigwa na upepo. Kupoza kwa namna hii kunashinda kusimama na kusubiri, kwa sababu gari likisimama hakuna upepo.

Ukitoka Segera kuingia Tanga mjini, barabara inakufanyia kazi hiyo. Kuanzia Pongwe nyumba zinaongezeka, mwendo unashuka, ukifika Kange umeshakuwa kwenye 50 ya mjini. Ukifika nyumbani Makorora au Raskazone, sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Hapo ndipo watu wanapopoteza mafuta bure kwa kusubiri dakika kumi.

Hatari iko pale unapotoka kwenye mwendo mkubwa na kusimama moja kwa moja:

Kituo cha mafuta njia panda Segera. Pampuni lazima uzime, na ni haki. Kwa hiyo punguza mwendo mapema, simama pembeni mbali na pampu, subiri dakika yako, ndipo usogee.

Askari wa barabarani. Simama, weka nyutro na hendibreki, toa leseni injini ikiwa inaunguruma. Akikwambia zima, mwombe: "Afande, naomba dakika moja turbo ipoe." Akikataa, zima. Mara moja haiui turbo.

Kusimama kuchimba dawa. Abiria wanashuka, dereva naye anataka kushuka na anazima kwa haraka. Acha wao washuke kwanza.

Hatua ya 4: Ukishasimama

Nyutro au P, hendibreki juu, mguu mbali na mafuta. Kiyoyozi ukiacha au ukizima tofauti ni ndogo. Mzunguko wa kawaida wa 700 hadi 850 unatosha kabisa kupeleka oili.

Usipige resi kabla ya kuzima. Hii tabia ya "vruum" moja ndipo ufunguo, walioianza waliiona kwenye magari ya zamani ya kabureta, na kwenye turbo ni sumu. Unaongeza kasi ya shafti, halafu unaikatia oili ikiwa juu.

Ukiwa na geji ya joto la ekzosi, achana na saa. Likishuka kufikia nyuzi 150 hadi 200, zima.

Usivuke muda kwa kudhani zaidi ni bora. Dizeli ya lita 3 kwenye sailensa inakunywa takriban lita moja kwa saa, kwa hiyo dakika 2 ni kama mililita 30 tu, hazikufilisi. Lakini sailensa ndefu ya kila siku inaleta masizi, na turbo zenye mabawa yanayojifungua na kujifunga, kama za 1KD na GD, mabawa hayo hunata. Na usiachie gari likiunguruma kwenye banda lililofungwa. Ndani ya moshi wake kuna gesi inayoua, nayo haina harufu ya kukushtua.

Taima ya turbo inayoacha injini ikiunguruma huku umeshatoa ufunguo ni ya hiari. Ukiifunga, iwekee dakika 1, na hendibreki iwe nzima.

Hatua ya 5: Baada ya kuzima

Ukisikia feni au pampu ndogo ikiendelea kuvuma, usishtuke. Baadhi ya magari yana pampu ya umeme ya maji kwa kazi hiyo hiyo.

Usipeleke gari moja kwa moja kuoshwa injini. Vijana wa kuosha magari huanza na presha kwenye boneti wazi, na chuma cha ekzosi kikipigwa maji baridi kikiwa moto kinaweza kupasuka. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kifuniko cha injini bila kukitoa.

Wakati usiopaswa kusubiri

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima hapo hapo. Hakuna oili, kila sekunde ya sailensa ni hasara. Maji yakiwa yamemwagika yote na geji ya joto imepanda juu, zima vilevile.

La tatu ni baya zaidi. Sili za turbo zikifa, dizeli inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe: mzunguko unapanda, moshi mzito unatoka, na ufunguo hauzimi. Kwa gari la gia za mkono, weka gia ya 4 au 5, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi injini izime. Kwa otomatiki, njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono wala kitambaa, vinavutwa. Injini ikiwa imeshapiga kelele za kupasuka, watu wote wakae mbali.

Kukagua turbo, na kosa la kubadilisha turbo peke yake

Injini ikiwa baridi na imezimwa, toa paipu kati ya eaklina (kisafisha hewa) na turbo, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida kwa sababu oili haipo. Kuingia na kutoka kusiwepo kwa kuhisiwa. Panga likiwa limekwangua ukuta, turbo imekwisha. Unyevu wa oili kwenye paipu ni kawaida, dimbwi si kawaida. Mluzi mpya ukikanyaga, au moshi wa bluu baada ya kukaa kwenye sailensa, ni dalili za kwenda kukagua.

Kabla ya kulaumu namna unavyozima, uliza lini ulimwaga oili. Oili chafu inaua turbo nyingi kuliko kuzima haraka. 1KD inachukua karibu lita 7 pamoja na filta. Ukiweka 5 kwa kubana bajeti, oili inachemka mapema.

Na fundi akibadilisha turbo, paipu ya kuleta oili ibadilishwe au isafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili, pamoja na bolti yake yenye tundu. Mkaa uliokwama humo ndio ulioua ile ya kwanza. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imwagwe oili yote. Kabla ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo, zungusha shafti kwa kidole, kisha piga starta bila kuruhusu injini iwake mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka, iache kwenye sailensa dakika kadhaa huku ukiangalia viungo vya paipu kama vinavuja.