Unatafuta fildi ya kudizaini vitambaa? Soma hii
Wadogo zangu wa Dar, msipeleke barua ya chuo na michoro ya magauni tu, peleka dizaini ya kanga nzima, pindo la pembeni, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi) vikae sawa, na maua yanayojirudia yaungane ukingoni bila mstari kuonekana, hapo ndo watu wa kiwanda wanapoangalia kwanza. Alafu punguza rangi jamani, kwenye kuchapa kwa skrini kila rangi ina skrini yake, rangi nane skrini nane, nani atakulipia? Pita Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo waulize wauzaji doti zipi zinatoka na kwa nini. Ukipata nafasi omba uwekwe kwenye oda ya kweli, hata sare za harusi, na uombe kipande kilichochapwa ukiweke kwenye potifolio pamoja na mchoro wake.