Kabla ya kuagiza kadi ya grafiki kutoka Dar, soma lebo ya pawa saplai

Kwa mnaocheza gemu kwenye Dell OptiPlex za mtumba huku Mtwara na Lindi: kadi ikishapanda basi la Dar, kuirudisha ni nauli nyingine. Fungueni kasha kwanza. OptiPlex nyingi za zamani zina pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 240 hadi 290, bila waya wa pini 6 wa kuipa kadi umeme. Sloti ya PCIe, yaani tundu la kuchomekea kadi, yenyewe hutoa wati 75 tu, kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na hizo: GTX 1050 Ti au GTX 1650. Mwombe muuzaji picha ya ukingo wa juu wa kadi, maana baadhi zina tundu la pini 6, na hizo hazitakufaa. Kasha jembamba linataka kadi ya kimo kifupi pamoja na bati lake fupi.

Kadi ya RX 6400 haihitaji waya, ila inatumia njia 4 tu za data za PCIe. Kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya PCIe 3.0, toleo la zamani, hupoteza kasi. Mimi ningeiacha.

Monita ya VGA, ile plagi ya zamani? Kadi hizi hazitoi VGA. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani. Kile cha pini tupu hakifanyi kazi.

Upepo wa chumvi huchafua sloti za mashine zilizokaa wazi. Zima, chomoa umeme, puliza vumbi, futa meno ya kadi kwa alkoholi ya isopropili, subiri ikauke. Kisha chomeka monita kwenye kadi, si kwenye madabodi. Hapo ndipo wengi hudhani kadi imekufa.