Kafyu, radi na kiboko: namna ya kupanga siku ukikaa kando ya Ziwa Victoria, Kisumu

Niliandika haya Mei 2020, wakati wa kafyu ya korona. Mwezi wa Mei jua la Kisumu huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Kafyu wakati huo ilianza saa moja. Katikati hapo kulikuwa na dakika ishirini za giza la kwanza, na ndizo dakika ambazo kiboko naye hutoka majini kwenda kutafuta nyasi. Juu ya hayo, mvua inayojikusanya mchana kule milima ya Nandi hutufikia mara nyingi saa hizohizo, na ngurumo zake. Polisi, kiboko na radi wote walikuwa wamechagua zamu moja.

Mimi nakaa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, upande wa kuelekea ufuko wa Dunga. Hadi Machi 2020 nilikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mshahara nao ukafungwa, nikaanza kulima sukuma wiki na managu kwenye kipande cha shamba cha shemeji yangu karibu na mafunjo. Mwalimu hata akishika jembe haachi kuandika ratiba. Ratiba ya msimu huo niliipanga kuanzia jioni kurudi nyuma, na nakushauri ufanye hivyo.

Andika kwanza saa ya kila mtu kuwa ndani. Kwangu ni saa kumi na moja na nusu jioni, watoto pamoja na kuku. Kisha jiulize ni nini lazima kiwe kimekwisha kabla ya hapo. Maji ya kuoga na kupikia yawe yameingia ndani saa tisa, kabla mawingu hayajashuka. Kuni zifunikwe. Choo cha nje kila mtu akitembelee mapema, na baada ya hapo kuwe na ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba. Najua wengi wanaona aibu kusema habari za ndoo. Lakini mtu anayetoka kwenda chooni saa tatu usiku akiwa na usingizi machoni ndiye hasa anayekutana na kiboko pembeni mwa nyumba.

Mambo ya mjini yafanye asubuhi. Matatu ya abiria kumi na wanne mwaka 2020 ilibeba wanane, nauli ilipanda, na ikifika saa kumi na moja foleni ya steji haikusonga. Ondoka soko la Kibuye au la Jubilee kufikia saa kumi. Ukichelewa zaidi utaanza kukimbia, na mtu anayekimbia kafyu hukatiza njia za panya kando ya maji ambazo mchana asingezipita.

Sasa asubuhi, ambapo wengi wanateleza. Kafyu iliisha saa kumi na moja alfajiri, lakini jua halichomozi hadi kama saa kumi na mbili na nusu. Serikali ilikufungulia mlango ilhali kiboko bado yuko nje, anarudi majini akiwa ameshiba na hataki kuzuiwa. Kipimo changu ni majani: ukisimama mlangoni na bado huoni kama jani la ndizi ni kijani au jeusi, ngoja. Kina mama mboga ambao lazima wawahi Kibuye wanafanya vizuri kwenda kwa kikundi, kwa barabara ya lami, tochi mkononi na mazungumzo ya sauti. Hata mlipoachana mita moja kwa ajili ya korona, bado mlisikika.

Kiboko mwenyewe

Ziwa lilikuwa limepanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani, kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Wazee wa Dunga wamekuwa wakituonyesha miaka yote mahali maji yalipofika enzi zile, nasi tukidhani wanatia chumvi. Kiboko mmoja hula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Nyasi zake zikizama, atazifuata zilipo, yaani kwenye ua wako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua njia yake, na unaitafuta mchana wa saa sita jua likiwa kali. Kiboko ni wa mazoea, hupita palepale. Njia yake ya siku nyingi ina mifereji miwili sambamba na tuta dogo la nyasi katikati, kwa sababu miguu yake imeachana. Unyayo una vidole vinne. Kinyesi chake utakikuta kimerushwa kwenye vichaka hadi usawa wa goti, maana hukitawanya kwa mkia. Ukishaiona njia, waonyeshe watoto wote wa ploti, si wako peke yao, mpaka kila mmoja aweze kukueleza inapita wapi.

Halafu usiizibe. Hapa nabishana na majirani kila wiki. Ukiweka ua wa miti kukatiza njia yake, ataupita kwa kifua, au atakwama upande wa nyumba na kupandwa na hasira. Zungushia mazao yako na uiache njia wazi. Kiboko haruki. Mtaro wenye kingo zilizosimama, au ukuta wa mawe unaokufika kiunoni, humfanya ageuke mara nyingi. Mawe yako mengi Nyalenda, na wakati huo nguvu za vijana wasio na shule zilikuwepo. Sisi tulijenga upande mmoja kwa uji na maandazi.

Usiku akiingia shambani, mwache ale. Gongeni sufuria mkiwa ndani, jirani ajibu na yake, na mara nyingine ataondoka. Asipoondoka, lala. Ukitoka na rungu na tochi saa nne usiku umejitafutia kesi mbili, moja ya kafyu na nyingine isiyosikizwa mahakamani. Sukuma huchipuka tena.

Jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja hapa, mvuvi tangu ujana wake, ana sheria anayoirudia kwa kila mgeni: usisimame kati ya kiboko na maji. Akishtuka anakimbilia ziwani, na chochote kilicho mbele yake ni kizuizi. Anafikia mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Wewe na gambuti zako humwezi. Ukimkuta, usipige kelele wala usimmulike machoni. Rudi nyuma taratibu, ondoka kwenye mstari wake kwa kwenda kando, na uweke kitu kigumu kati yenu, mti mnene au ukuta. Ukimwona majini akipanua mdomo, hana usingizi, anakuonyesha meno. Mwenye mtoto ana ukali zaidi, hata mchana. Vijana wanaomsogelea kwa simu ili wapate video, waitwe majina yao yote matatu mbele ya mama zao.

Radi

Hesabu. Umeme ukimulika, anza kuhesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, uwe umeshaingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo ndiyo inayowashinda watu, maana mvua ikikatika kila mtu anatoka kuangalia mtaro wake huku mbingu bado inanguruma.

Ndani ni wapi? Nyumba ya matofali yenye nyaya na mabomba ni nzuri. Matatu au gari la bati lililofungwa madirisha, pia. Tuktuk ya turubai haihesabiki, bodaboda ndiyo kabisa, wala kibanda cha mabati kilichosimama juu ya nguzo nne. Mwembe usiufikirie. Kama nyumba yako ni ya udongo na mabati, kaeni katikati ya chumba, miguu imebanwa pamoja, mbali na mlango, na mtu asiegemee ukuta. Jembe na panga viachwe shambani. Simu itoke kwenye chaja, televisheni ichomolewe. Watoto waliokuwa wakifuata masomo ya redio ya KBC shule zikiwa zimefungwa tuliwawekea mawe ya betri, na kama siku hiyo somo la Edu Channel kwenye televisheni liliwapita, tuliliacha lipite.

Kafyu na radi zikikukuta pamoja njiani, ingia jengo imara la karibu, piga simu nyumbani, na usijaribu kuvuka mto Auji au Wigwa ukiwa umejaa. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na huoni chini kuna nini. Wavuvi hawahitaji kufundishwa nami, ila kwa wale walioanza juzi kwa sababu ya kukosa kibarua: dhoruba za ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu ukielekea majini. Mtumbwi bila jaketi za kuokolea ukatae, hata kama bei ya omena imekuvutia.

Barakoa iliyolowa, nyoka, na maji ya tope

Barakoa ya kitambaa ikilowa haifai kitu. Unavuta pumzi kama uliyefunikwa na kitambaa cha kudekia. Beba mbili. Mwaka 2020 faini ya kutovaa iliweza kufika shilingi 20,000, kwa hiyo hakukuwa na kuivua mvua ikianza. Tangu 2017 hatuna mifuko ya plastiki ya kufungia vitu, basi tafuta mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, uweke barakoa kavu, simu na kitambulisho. Ukirudi, fua kwa sabuni na uanike juu ya jiko la makaa lililozimika ila bado lina joto. Jua la kuanikia nje huwezi kulitegemea msimu huu.

Kibuyu chirizi cha kunawia tumekitundika mlangoni, kamba ya kukanyaga kwa mguu. Maji yakifurika, vyoo vya shimo huchanganyika na visima, na hapo ugonjwa wa kuhara ulitutishia kuliko korona. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwelikweli, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyatibu.

Nyoka nao wamehama makwao. Magugumaji yanapoletwa ufukoni na upepo, hubeba nyoka ndani yake, kwa hiyo watoto wasiyavute kwa mikono. Kuni ziwekwe juu ya mawe, gambuti zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mtu akiumwa: asitembee ovyo, pete na bangili zitoke mapema kabla hajavimba, kiungo kifungiwe kijiti kisitikisike, aende hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Swila akitema machoni, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali vilevile. Popo, kwa kuwa nimeulizwa, waacheni walipo. Watoto wa hapa walianza kuwapiga mawe wakisema ndio walioleta korona. Hawa wadogo wa darini hula wadudu, na mbu tunao wa kutosha.

Usiku ukiharibika

Kabla ya shida, zungumza na jirani mwenye tuktuk au gari mkubaliane kwamba atakubeba usiku, na bei muijue. Andika namba yake ukutani kwa chaki pamoja na ya mzee wa mtaa, ya Nyumba Kumi (kamati ya usalama ya majirani), na wakati ule ya 719 kwa mambo ya korona. Ukitoka na mgonjwa, mpigie mzee wa mtaa kwanza ili kama mtasimamishwa kuna mtu wa kuwasemea, washeni taa ya ndani ya gari, na mtaje mnaenda wapi. Sisi huku tukisema "Russia" kila mtu anajua ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi.

Kama maji yanakaribia mlango, hamia kwa ndugu walio juu mapema, mchana, mkiwa bado mnachagua. Madarasa yanayopokea waliohama hujaa haraka, na humo hakukuwa na mita moja ya kuachana kwa ajili ya korona. Waliohama mafuriko ya Nyando na Budalangi mwaka 2020 wanaijua hali hiyo.

Kiboko akila shamba au, Mungu apishe mbali, akijeruhi mtu, toa taarifa kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hapa kwetu ofisi yao iko kwenye hifadhi ya Impala, barabara ya Dunga. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na hasara ya mazao nayo imo. Malipo huchukua muda mrefu, kwa hiyo karatasi zako ziwe sawa tangu siku ya kwanza. Piga picha za nyayo na mazao asubuhi kabla mvua haijafuta, usipande upya mpaka afisa aone, peleka taarifa polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Nakala ya kila karatasi mwachie ndugu anayekaa mlimani.