Kupanga siku kwa adhana: daftari moja, vipindi vitano

Ratiba ya saa kwa saa huku kwetu Zanzibar huvunjika mapema. Daladala haijajaa, mwenye muhuri hajafika ofisini, jirani anapiga hodi, na saa moja ikishapotea zinazofuata zote huanguka nayo. Bora upange kwa adhana. Mtaa mzima unazisikia, na kwa kuwa Unguja na Pemba ziko jirani na ikweta, nyakati zake hazihami sana: Magharibi, mwaka mzima, haitoki nje ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi.

Chukua daftari dogo linaloenea mkobani, na kalamu uifunge nalo kwa uzi. Simu iwe ya kengele tu. Orodha ya kwenye simu hufichwa na ujumbe unaoingia, na umeme ukikatika muda mrefu nayo huzimika.

Ukurasa wa kushoto andika kila kazi unayodaiwa, kubwa na ndogo. Kila mstari uanze na kitendo na umalizie na kinachohitajika. "Kitambulisho cha mtoto" si kazi, kwani hukuambia uanzie wapi. Andika: "Kwenda kwa sheha wa mtaa kuomba barua, kuchukua cheti cha kuzaliwa na kopi 2." Pembeni weka herufi ya mahali: N kwa nyumbani, M kwa mjini, S kwa simu. Usiipuuze herufi hii. Siku nyingi hupotea kwa kurudi mjini mara ya pili kufuata kopi iliyosahauliwa.

Ukurasa wa kulia ugawe sehemu tano, kisha hamisha kazi chache tu kutoka kushoto.

Baada ya Alfajiri weka kazi moja, ile inayotaka akili: hesabu za duka, barua ngumu, somo. Ila kama wewe ndiye unayepika chai na kuwatayarisha watoto wa skuli, kipindi hiki si chako. Ipeleke kazi hiyo pale nyumba inapotulia, hata kama ni saa 3.

Asubuhi hadi Adhuhuri ni ya M, zisizidi tatu. Zipange kwa njia, usiangalie umuhimu wake. Anayetoka shamba kupitia soko la Mwanakwerekwe asiende hadi soko la Darajani mjini kwa kitu anachokipata njiani. Karatasi za ofisi zitangulie, kwa sababu foleni ya asubuhi ni fupi na ukiambiwa kuna kilichopungua bado una muda. Vitu vikavu vifuate. Samaki na tungule (nyanya) viwe mwisho kabisa, ukiwa unaelekea kituoni. Ukivinunua mwanzo utaharakisha mengine yote kwa kuogopa joto.

Adhuhuri hadi Alasiri ni zaidi ya saa tatu, lakini jua na chakula huzila. Weka kazi moja nyepesi ya N, pamoja na simu zote za S, uzipige kwa mfululizo.

Alasiri hadi Magharibi iache wazi. Wengi hulikataa hili, na ndilo linaloshikilia mpango mzima. Maziko, hitma, mgonjwa wa kutazamwa na mgeni wa ghafla ni sehemu ya maisha yetu, na mpango usiowapa nafasi utakufanya uwaone watu wako kuwa ni kero. Asipokuja mtu, fanya kazi moja iliyobaki.

Baada ya Isha, dakika 10: futa zilizokwisha, andika za kesho, na weka mkobani karatasi zitakazohitajika. Angalia pia Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, imebakisha uniti ngapi.

Kazi isiyofanyika ichorewe mshale kwenda kesho. Ikifika mshale wa tatu, simama uichunguze. Mara nyingi ni kubwa mno na inataka kukatwa vipande, au kuna kitu kinachokosekana ambacho hukukiandika, au ni ya mtu mwingine na hujathubutu kumrudishia. Usiihamishe mara ya nne kabla hujajua ni lipi kati ya hayo.

Anayelima mwani au anayekwenda pwani aanze na maji. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja pamoja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo kupwa hakungojei ofisi. Tia alama siku za bamvua za mwezi mzima kwanza. Safari za mjini ziingie kwenye maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana.

Ijumaa usiweke M zaidi ya moja, na iishe kabla ya saa 5. Ramadhani sogeza kazi nzito zote asubuhi, maana baada ya Alasiri jiko ndilo linaloamua.