Jinsi ya kuzuia mboga zilizokatwa zisibadilike rangi

Kiazi kilichomenywa huwa cheusi kwa sababu kisu kimepasua seli zake. Seli ikiwa nzima, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) na fenoli (kemikali za asili za mmea) hukaa sehemu tofauti. Ikipasuka vinakutana, oksijeni inaingia, na rangi ya kahawia inatokea. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye ubao wa kukatia, kabla ya kufika kwenye friji.

1. Noa kisu. Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Kisu butu huponda mboga, na kadiri seli nyingi zinavyopondeka ndivyo weusi unavyowahi. Saladi ya majani huonyesha jambo hili wazi kwenye kingo zake.

2. Suuza vipande papo hapo kwa maji baridi safi, ili majimaji yaliyotoka kwenye seli yaondoke.

3. Chagua kinga kwa kuangalia mboga yenyewe. Viazi vizamishwe kabisa majini, viwekwe kwenye friji na vitumike ndani ya saa 24. Bilinganya ichovye dakika chache kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya maji ya ndimu: tindikali huvidhoofisha vimeng'enya, na vitamini C huzuia rangi isikolee.

Lakini ndimu si dawa ya kila mboga. Ukiitia kwenye bamia au maharagwe mabichi, tindikali huharibu klorofili, yaani rangi ya kijani ya mmea, na kijani kinafifia kuelekea kahawia. Hizo ziache bila ndimu. Karoti nazo zina shida tofauti kabisa: ule weupe unaojitokeza juu ni ukavu. Zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu.

4. Saladi na kabichi zichuje, kisha zikaushe taratibu kwa taulo safi. Maji yakibaki kwenye majani, utelezi hauchelewi.

5. Funika, weka kwenye friji kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi. Usizichanganye na tufaha au ndizi mbivu. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo huleta madoa ya kahawia kwenye saladi na uchungu kwenye karoti.

Rangi nzuri pekee haitoshi kuonyesha kwamba mboga ni salama. Ikiteleza au ikinuka vibaya, itupe, hata kama bado inang'aa.