Kuagiza gari la zamani kutoka Japani: piga hesabu ya uchakavu kwanza

Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii. Sisi Tanzania hatuna ukomo huo, lakini uzee wa gari unalipiwa ushuru wa ziada uitwao uchakavu, na bei nzuri ya mnadani Japani huishia hapo. Kwa hiyo kabla hujamtumia muuzaji hata senti, maliza hatua hii.

Ingia kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika, jaza aina, modeli, mwaka, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini. Kitakupa thamani wanayoitambua wao na kodi yake. Usitegemee ankara yako. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, forodha wana thamani yao kwenye mfumo, na ndiyo watakayokupigia nayo.

Chukua gari la mwaka 2012, cc 1500. Tuseme CIF yake, yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar, ni shilingi milioni 8. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 2, unafika milioni 10. Juu ya hiyo kumi, ushuru wa bidhaa 5% ni laki tano. Kisha uchakavu: gari lililozidi miaka 10 ni 30%, milioni 3 nzima. VAT ya 18% inakuja mwisho na kupigwa juu ya vyote, uchakavu ukiwemo: 2,430,000. Jumla 7,930,000, karibu sawa na gari lenyewe, na bado tozo ya reli, ada ya forodha na usajili.

Thamani hiyohiyo kwa gari la miaka 7 ingekuwa 4,390,000. Ni kweli la miaka 7 huwa na CIF kubwa zaidi, ndiyo maana nasema kokotoa yote mawili uyaweke sambamba. Wakati mwingine lile la bei ya juu ndilo nafuu ukishamaliza kulitoa bandarini. La miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni 15%.

Mwaka unaohesabiwa ni wa kutengenezwa. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje kinaonyesha lini lilisajiliwa mara ya kwanza, na gari linaweza kutoka kiwandani Novemba likasajiliwa Februari. Mwombe muuzaji namba ya chesisi uhakiki mwenyewe mwaka wake. Angalia pia meli inafika lini, maana gari lililo ukingoni mwa miaka 8 au 10 likivuka mwaka likiwa baharini linaweza kuhamia kundi jingine.

Jina kwenye BL, yaani hati ya shehena ya meli, lifanane na la TIN yako, namba ya mlipakodi, herufi kwa herufi. Dai cheti cha ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango, kabla gari halijapakiwa. Piga picha ya kila kitu kinachochomoka: redio, jeki, tairi la akiba.

Sasa wakala wa forodha, anayekutolea gari bandarini. Lazima awe na leseni ya TRA, na hili ni jambo la kuhakiki, si la kuambiwa. Wangu alikaa na nyaraka mpaka siku za bure za bandari zikaisha, kisha akanitumia hesabu kwa WhatsApp yenye mstari mmoja mnene: «bandari na mengineyo». Nilipomtaka auchambue, stoo, yaani tozo ya gari kukaa bandarini, peke yake ilizidi ada yake ya uwakala. Inaniuma hadi leo, kwa sababu kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ile TANSAD, inaweza kufunguliwa kabla meli haijatia nanga. Mkabidhi BL, ankara na cheti mapema, kwa maandishi yenye tarehe, na mkubaliane nani atalipa stoo ikitokana na kuchelewa kwake.

Pesa za kodi usizipitishe mfukoni mwake. Mwambie akutumie namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe mwenyewe benki au kwa simu. Malipo ya bandari na ya wakala wa meli nayo dai risiti, kila moja peke yake. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki inataka kadhia ifunguliwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Baada ya hapo gari linaweza kupelekwa ghala la forodha, na likikaa humo siku 30 linaweza kutangazwa mnada. Stoo huanza kuhesabika mapema kuliko hapo.

Siku ya kutoa gari, nenda na picha zako, ulikague kabla hujasaini chochote. Kadi ya usajili ikitoka, linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye bodi, na namba ya injini pia. Kukiwa na kosa, rudi TRA likarekebishwe kwanza, ndipo ukate bima, kwa kuwa bima itanakili kilichoandikwa kwenye kadi.